Mgeni atanijuaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye biashara ndogo za utalii Lamu

Wanaouliza ni manahodha wenye mashua moja, akina mama wanaopika nyumbani, wenye vyumba viwili vitatu, mafundi wa nakshi, waongozaji na vijana wenye punda. Mimi nina vyumba vitatu vya wageni mtaa wa Mkomani, na maswali haya nimeyapokea barazani, gatini na kwenye simu usiku wa manane. Nimeyakusanya hapa ili na yule asiyenijua apate jibu. Imani yangu ni moja: anachokifuata mgeni Lamu kiko mikononi mwetu tayari, basi na habari zake tuzitoe sisi, kwa maneno yetu.

Chema chajiuza. Kwa nini nijitangaze?

Methali ni ya kweli, lakini chema hujiuza kikiwa sokoni kinaonekana. Mgeni wa leo huchagua nahodha wake akiwa kitandani Nairobi au Madrid, wiki tatu kabla hajapanda ndege. Siku hiyo wewe uko baharini au unafua tanga, na yeye anasoma habari za Lamu zilizoandikwa na mtu aliyekaa hapa siku nne. Ukinyamaza, atakutana nawe kupitia kwa mwingine, na huyo mwingine atakuwa ameshakata fungu lake.

Nina mashua moja tu. Nianzie wapi, na pesa za matangazo sina?

Anza na vitu vitatu visivyo na gharama. Weka alama ya biashara yako kwenye ramani ya Google. Fungua WhatsApp ya biashara, ile yenye sehemu ya kuonyesha huduma na bei zake. Kisha andika maelezo ya safari moja, ile unayoijua kuliko zote.

Hapo kwenye maelezo ndipo wengi wanapoteleza. Nahodha mmoja wa mtaa wa Langoni aliniletea maandishi yake: "Ziara bora ya bahari, bei nafuu, karibuni nyote." Maneno hayo angeweza kuyaandika mtu yeyote mwenye chombo, kuanzia Vanga hadi Kiunga. Tulikaa naye nikamuuliza: unakwenda wapi, unachukua watu wangapi, mnakula nini? Mwisho tukapata haya:

"Mashua ya tanga, abiria sita, nahodha na baharia mmoja. Tunakwenda magofu ya Takwa, kisiwa cha Manda. Mkono wa bahari unaoingia Takwa umezungukwa na mikoko na hupitika maji yakijaa tu, kwa hiyo saa ya kuondoka hubadilika kila siku. Tutakuarifu jioni ya kuamkia safari. Chakula cha mchana ni samaki wa kuchoma, wali wa nazi na kachumbari. Jaketi za kuokolea zipo, za wakubwa na za watoto. Kiingilio cha magofu hulipwa kando."

Tazama kila sentensi inavyomjibu mtu mwenye wasiwasi. Mwenye mtoto amejua kuna jaketi ya mtoto. Asiyependa kushtukizwa na gharama amejua kuhusu kiingilio. Na yule aliyetaka kuondoka saa tatu kamili amejua mapema kwamba mwenye saa ni bahari, kwa hiyo hatalalamika kwamba nahodha hana nidhamu ya wakati. Manahodha wetu wamelaumiwa sana kwa jambo hili, na mara nyingi kosa limekuwa kutomweleza mgeni maji kujaa na kupwa. Mwambie pia kwamba siku za bamvua maji hujaa sana na kutoka sana, na siku za maji mafu tofauti huwa ndogo. Hiyo ni elimu, na watu husafiri mbali kuitafuta.

Ukipenda kuongeza, sema habari za Takwa yenyewe: mji uliokaliwa tangu karne ya 15 hadi ya 17, msikiti wake wa Ijumaa wenye nguzo iliyosimama juu ya kibla, na watu wa kijiji cha Shela waliokuwa wakivuka kwenda kuomba mvua pale. Mistari miwili yatosha. Mengine utayasimulia mkiwa njiani, tanga limejaa upepo, na hapo yatapendeza zaidi.

Nyumba yangu iko ndani ya vichochoro na mgeni haipati. Nifanyeje?

Ramani ya simu hupotea katikati ya nyumba za mawe. Usimwambie mgeni "fuata ramani". Mpe alama ambazo kila mtu atamwelekeza akiuliza: gati kuu, Mkunguni mbele ya Ngome, Usita wa Mui (njia kuu ya ndani ya mji), msikiti ulio karibu nawe. Hata hivyo, kitu bora ni kumpokea mwenyewe. Ndege hutua kisiwa cha Manda na lazima avuke kwa boti. Basi kutoka Malindi au Mombasa humshusha Mokowe, na hapo pia lazima avuke. Kwa vyovyote atashukia gatini. Aliyebeba mizigo, ametoka jasho na watu wanne wanamgombea, akisikia jina lake likiitwa kwa upole, nusu ya kazi yako imekwisha.

Mwandikie kabla hajaja kwamba mjini hakuna teksi, mizigo hubebwa na watu au punda, na ataje malipo ya boti na ya mbebaji kabla ya kuanza safari. Mtumie na picha ya mlango wako. Milango ya Lamu haifanani, na mgeni akiuona ule wa kwenye picha atajua kafika.

Niiweke nyumba kwenye mitandao ya kupangisha vyumba? Nasikia inakula kamisheni.

Iweke, lakini ufanye hesabu kwanza. Tuseme chumba ni shilingi 4,000 kwa usiku na mtandao unachukua asilimia 15. Kila usiku zinaondoka 600, unabaki na 3,400, na humo utoe kufua mashuka, sabuni, umeme, maji na staftahi. Mgeni wa siku tatu amekukata 1,800. Pesa hizo ni bei ya kujulikana na mtu ambaye usingemfikia kabisa, kwa hiyo mara ya kwanza silalamiki.

Shida ni kubaki hapo milele. Mgeni aliyelala kwako akapenda, mwachie kadi yenye namba yako. Akirudi mwakani, au akimtuma dada yake, apige moja kwa moja. Aliyeagiza kupitia mtandao usimtake avunje agizo ili akulipe pembeni. Ni kinyume cha masharti yao, wanaweza kukufungia, na isitoshe si uungwana.

Eleza nyumba kwa majina yake. Andika daka, andika kiwanda, andika zidaka za ukutani, kisha fafanua: daka ni ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe, ambapo mgeni wa mwenye nyumba hukaa kabla ya kukaribishwa ndani. Kiwanda ni ua wa katikati unaoingiza mwanga na upepo. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa sababu ya nyumba kama hizo na maisha yanayoendelea ndani yake. Yule anayeandika "nyumba yenye vyumba vitatu na ua" amekiacha nje kitu chenye thamani kuliko vyote alivyo navyo.

Bei niiweke vipi? Wenzangu wanashusha kila siku.

Andika gharama zako kwenye karatasi. Nitatoa mfano wa hesabu tu. Tarakimu zako zitakuwa tofauti. Safari ya siku nzima, watu sita: chakula 3,000, baharia 1,500, mafuta ya mashine ya akiba 1,500, na fungu la chombo 1,500. Jumla 7,500. Hilo fungu la chombo ndilo linalosahauliwa. Mashua inataka kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa, inataka deheni, mafuta ya kupaka mbao zake, tanga linachanika, kamba zinaoza. Ukijilipa wewe nahodha 2,500, bei ya haki ni 10,000. Sasa gatini mwenzako amesema 8,000 nawe ukakubali. Umebaki na shilingi 500 kwa siku nzima ya jua, na ukitaka zaidi utazitoa kwenye fungu la chombo. Miaka mitatu hivi mashua inavuja, na mgeni wa mwaka wa nne anaandika kwamba mashua za Lamu si salama.

Ningependa manahodha wa gati moja wakubaliane bei ya chini kabisa na waibandike ukutani. Palipo na makubaliano ya namna hiyo, ugomvi hupungua, na mgeni naye hapati hisia kwamba analaghaiwa.

Bei ya mwenyeji na ya mgeni wa nje kutofautiana si dhambi. Makumbusho hufanya hivyo wazi. Ubaya ni kuificha. Iandike.

Vijana wa gatini wananiletea wageni, lakini wanataka cha juu kikubwa. Niwafukuze?

La. Ni watoto wetu, na wengi wao wanajua lugha nne kwa kujifunza masikioni. Kijana aliyemshika mgeni mkono, akamtembeza, akamleta salama, amefanya kazi na anastahili malipo. Kinachotuharibia ni malipo yasiyo na kiwango. Kubaliana naye kabla: asilimia fulani, inatoka kwenye bei yako iliyoandikwa, haiongezwi juu ya kichwa cha mgeni.

Suala la amana ni zito zaidi. Miaka kadhaa iliyopita familia moja kutoka Nakuru ilifika mlangoni kwangu saa mbili usiku, watoto wawili wamelala mabegani. Walikuwa wamemtumia mtu wa kati nusu ya pesa za siku tano, naye akawaambia vyumba ni vyangu. Sikuwa na habari nao, na simu yake ilikuwa imezimwa. Niliwalaza kwa usiku ule, wakaenda kwingine kesho yake. Baba yao hakunigombeza, aliuliza tu, "Sasa hapa Lamu tumwamini nani?" Tangu siku ile kila tangazo langu lina mstari huu: amana hulipwa kwa namba hii pekee, yenye jina hili la biashara, na utapokea ujumbe wa uthibitisho kutoka kwangu. Ukiwa na namba ya Lipa na M-Pesa, jina la biashara hujitokeza baada ya kulipa. Mgeni huliona, na moyo wake hutulia. Nanyi fanyeni hivyo.

Picha nipige kwa kamera gani?

Simu uliyo nayo yatosha. Futa kioo chake kwanza, maana mafuta ya vidole na chumvi ya bahari huifanya picha iwe na ukungu. Vichochoro vyetu ni vyembamba na jua la saa sita huacha upande mmoja mweupe na mwingine mweusi. Piga asubuhi, au baada ya Alasiri. Mbele ya bahari kunapendeza jua linapokaribia kuzama.

Piga vitu vidogo: mkono wa fundi na patasi yake kwenye ubao wa nakshi, bakuli la tui, fundo la kamba kwenye foromali, ile boriti inayoshika tanga. Mashua ikionekana kutoka mbali machweo, zipo picha elfu za hivyo.

Na watu? Uliza kwanza, kila mara. Mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Nilipiga picha wakati wa Maulidi, kichochoroni, wasichana wakipita na buibui zao, wawili nyuso zao zikionekana. Niliona uzuri, nikaiweka kwenye ukurasa wa nyumba yangu. Siku ya tatu shangazi wa mmoja wao akaja barazani, akakaa, akanywa kahawa, kisha akasema, "Mwanangu, yule ni mtoto wa watu, si pambo la vyumba vyako." Nikaifuta mbele yake na nikamwomba radhi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inailinda sura ya mtu, lakini mimi nilikuwa nimefundishwa tayari na shangazi yule. Wageni wako waambie hivyohivyo tangu siku ya kwanza: wasiwapige wanawake, watoto wala watu wanaoswali bila ruhusa.

Mimi napika nyumbani tu. Nani atalipa kula wali wa nazi?

Mama, hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu anayeuliza huwa haoni anachomiliki.

Mgeni hoteli anazo. Anachokosa ni kuingia jikoni. Mkalishe juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mpe kifuu cha nazi, umwonyeshe namna ya kuzungusha mkono ili meno yakune nyama nyeupe bila kufika kwenye gamba. Dakika tano za kwanza atakuwa anakuna hewa. Kisha nazi itaanza kudondoka kwenye sinia, atacheka kwa furaha kama mtoto. Mpe kifumbu, kile kichujio cha kusukwa, akamue: tui zito kwanza, liwekwe kando, kisha maji yaongezwe kwenye chicha, likamuliwe tui jepesi. Samaki amechanjwa, amekolea chumvi, ndimu na kitunguu thomu, yuko juu ya makaa. Lile tui zito linapikwa na ukwaju, pilipili na bizari mpaka linakuwa rojo, na samaki anapakwa upande huu, anageuzwa, anapakwa upande wa pili. Harufu inayotoka hapo mgeni ataisimulia kwao mpaka mwisho wa maisha yake.

Sasa hiyo ndiyo bidhaa yako: muda wa saa tatu, kuanzia sokoni asubuhi kuchagua samaki mpaka kula pamoja mkekani. Toza kwa kichwa, usitoze kwa sahani. Pokea watu wanne au watano kwa siku, zaidi ya hapo jiko litakuwa finyu na nawe utachoka. Andika wazi kwamba nyumba haina pombe, kwamba viatu huvuliwa mlangoni, na umuulize mapema kama kuna chakula kinachomdhuru. Wengine huzidiwa na karanga, wengine na kamba na kaa, na hilo si jambo la kubahatisha.

Siku isiyo na mgeni wa kupika, uza viazi vya karai, mahamri na mbaazi kwa wenye vyumba walio jirani. Mimi staftahi ya wageni wangu nainunua kwa mama wa nyumba ya tatu, na wengi wameandika kuhusu mahamri yake kuliko kuhusu vitanda vyangu.

Leseni ni lazima? Biashara yenyewe ni ndogo.

Ni lazima. Kaunti inatoa leseni ya biashara. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, inasimamia nyumba za wageni, waongozaji na wasafirishaji wa watalii. Anayepika awe na cheti cha afya. Chombo cha abiria kikaguliwe chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, na jaketi za kuokolea zitoshe kila kichwa kilichomo, nahodha akiwamo. Nenda ofisini ukaulize kundi lako na ada yake ya sasa, maana hubadilika.

Ukishapata, piga picha cheti ukiweke kwenye ukurasa wako. Tunalipia karatasi hizi kisha tunazifungia kabatini, ilhali ndizo zinazomtofautisha mwenye kazi na mpita njia.

Wageni wanauliza kama Lamu ni salama. Nijibu nini?

Jibu ukweli, tena bila kukwepa. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda. Juni 2014 watu wengi waliuawa Mpeketoni, bara. Marufuku ya kutoka usiku ikafuata, hoteli zikafungwa, na mashua zikalala ufukoni. Mgeni anayesoma hayo kwenye simu kisha anasikia kwako "hakuna kitu, ni uongo wa magazeti" hatakuamini hata kwenye bei ya samaki.

Mweleze jiografia. Kisiwa cha Lamu, chenye mji na Shela, ni kitu kimoja. Sehemu za bara kuelekea mpaka wa Somalia na msitu wa Boni ni kitu kingine. Tahadhari za baadhi ya nchi hutenganisha visiwa vya Lamu na Manda na maeneo hayo. Mwambie aisome tahadhari ya nchi yake mwenyewe, kwa sababu bima yake ya safari huifuata. Kisha mwambie unachokijua: watoto wanakwenda chuo cha Kurani alfajiri, wazee wako barazani, na ukitoka usiku utasalimiwa. Anayekuja kwa basi kupitia Garsen na Witu ajue kuna vizuizi vya ukaguzi, hivyo kitambulisho au pasipoti iwe karibu.

Msimu ukipita biashara inakufa. Kuna dawa?

Wageni hujaa Julai na Agosti, tena Desemba na Januari. Aprili hadi Juni masika hunyesha, kusi huanza kwa nguvu, bahari huchafuka, na hoteli kadhaa za Shela hufunga. Hilo halibadiliki, na usimdanganye mtu aje Mei akitarajia maji ya kioo. Wakati huo ndio wa kupandisha chombo, kupaka chokaa, kujifunza Kiitaliano.

Hata hivyo, kuna watu tunaowasahau: Wakenya wenzetu. Likizo ya shule ya Agosti na ya mwisho wa mwaka, sikukuu za wikendi ndefu, familia za Nairobi na Mombasa zinataka pa kwenda. Hawahitaji kutafsiriwa, wanalipa kwa M-Pesa, na wakipenda hurudi na ukoo mzima. Waandikie kwa Kiswahili. Weka bei ya familia, sema kama kuna godoro la ziada na kama watoto wanaweza kulala chumba kimoja na wazazi.

Halafu kuna siku zetu wenyewe: tamasha la utamaduni la Novemba, lenye mashindano ya mashua na mbio za punda, na Maulidi ya Mfungo Sita yanayokusanya watu Riyadha, msikiti wa mwanachuoni Habib Swaleh, kutoka pwani yote na ng'ambo. Tarehe ya Maulidi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka kwa kalenda ya kizungu, kwa hiyo iandike upya kila mara. Na ukumbuke kwamba wanaokuja Maulidi wamekuja kwa ibada. Wapangishie vyumba kwa heshima, lakini Maulidi yenyewe usiyauze kama onyesho.

Na Ramadhani nifunge?

Si lazima. Mweleze mgeni kwamba migahawa mingi hufungwa mchana na asile barabarani, kisha mkaribishe futari. Wageni wangu waliokuja Ramadhani ndio wanaonitumia salamu za Idi mpaka leo.

Mgeni ameniandikia maoni mabaya mtandaoni. Nayafutaje?

Hayafutiki, na usiwaombe jamaa zako waandike sifa za uongo kuyafunika. Lala usiku mmoja kwanza. Kesho yake jibu kwa sentensi tatu: asante, hili ni kweli na nimelirekebisha hivi, hili halikuwa hivyo na maelezo yake ni haya. Niliandikiwa kwamba adhana ya alfajiri ilimwamsha mtu. Nilijibu kwamba msikiti uko hatua ishirini kutoka mlangoni, na nikaongeza maneno hayo kwenye maelezo ya nyumba. Tangu hapo wanakuja wanaoipenda.

Mambo ya plastiki yananihusu?

Yanakuhusu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na tangu Juni 2020 chupa na vikombe vya kutupa haviruhusiwi kwenye fuo na hifadhi. Mafundi wa hapahapa waliunda Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa na ndara zilizotupwa, likashushwa majini 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Ukiweka mtungi wa maji kwenye mashua yako na vikombe vya bati, una jambo la kweli la kusimulia.

Ninashona makubadhi Siyu. Wageni hawafiki huku. Nifanye nini?

Kufika Siyu kuna kazi. Boti ya Pate hupita mkondo wa Mkanda, nao hupitika maji yakijaa, na wageni wengine tahadhari za nchi zao zinawaruhusu kufika Manda tu. Basi tuyalete makubadhi kwao, bila kuyapoteza jina. Kinachoniumiza ni kuona viatu vya Siyu dukani vimeandikwa "kazi za mikono za Afrika". Funga kikaratasi kwenye kila jozi: ngozi ya ng'ombe, imeshonwa Siyu, kisiwa cha Pate, jina la fundi kama mwenyewe anaridhia, na namba ya simu ya kuagizia. Wenye vyumba mjini tutakuwekea rafu. Mimi ninayo ya mbao, iko pale dakani mgeni anapovulia viatu. Juu yake kuna mikeka na vikapu vya miyaa kutoka Kipungani, na mashua ndogo ya mfano iliyochongwa Matondoni. Sichukui cha juu kwa vitu hivyo. Bei ni ya fundi na pesa huingia kwenye simu yake. Kila kikaratasi nimeandika nyuma jinsi ya kufika kijijini kwake, na wanaouliza njia ya Matondoni nawaambia ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, waondoke mapema jua halijapanda, au wapande punda. Niletee jozi kumi, namba 38 hadi 44. Kubwa ndizo zinazokwisha kwanza.